Stima Ikirudi Naivasha: Nani Anaitikia Hodi ya Kwanza?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilizima karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikumbwa na giza. Mengi yalisemwa kuhusu kilichoiangusha gridi, na lawama zikarushwa huku na huku. Mimi jambo lililonikaa kichwani ni jingine. Stima inaporudi, vile vikompyuta vidogo vilivyojificha ndani ya mita za tokeni, pampu, friji za dawa na mashine za viwandani huamkaje? Hakuna mtu wa kubonyeza chochote. Huamka vyenyewe, na kinachoamka vibaya hugundulika baadaye, hasara ikiwa imeshaingia.

Nitaeleza jambo hili kupitia Naivasha, kaunti ya Nakuru. Najua kwa Wapwani wengi jina hilo siku hizi huleta akilini makontena na manung'uniko yake, na manung'uniko hayo yana msingi, lakini leo si siku yake. Naivasha ndiko kuliko visima vya mvuke vya Olkaria, vilivyoanza kutoa umeme mwaka 1981, na ndiko kuliko mashamba ya maua yaliyolizunguka ziwa. Waridi nyingi huko hukua ndani ya nyumba za plastiki bila kugusa udongo. Mizizi yake imo katika vijiwe vyepesi vya volkano, au katika vumbi la makumbi ya nazi, yale yale makumbi ambayo huku kwetu tunayachoma moto. Mmea uliopandwa hivyo hauna akiba kubwa ya maji chini yake, kwa hiyo hunyweshwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na mbolea ikiwa imeshachanganywa ndani ya maji. Kazi ya kufungua na kufunga maji hufanywa na kidhibiti: sanduku lisilozidi ukubwa wa Msahafu, lenye chipu moja inayofikiri.

Chipu hiyo ni kompyuta kamili. Ina prosesa, ina kumbukumbu, na mara nyingi ina mfumo endeshi mdogo unaogawa zamu za kazi. Kazi zenyewe ni za kawaida tu: kuhesabu maji yaliyopita, kusoma joto, kuangalia saa, kutuma ujumbe kwa ofisi. Shida ni kwamba prosesa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na ulimwengu haumsubiri.

Fikiria mama yuko jikoni peke yake, anasonga ugali. Akitaka kujua kama kuna mgeni, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuacha mwiko kila dakika na kwenda kuchungulia mlangoni. Ugali utaungua, na mgeni aliyekuja kati ya safari mbili atasubiri. Njia ya pili ndiyo tuliyofundishwa na wazee wetu: mgeni apige hodi. Mama anaisikia, anaweka mwiko pale alipofika, anaitikia, anamaliza haja ya mgeni, anarudi kwenye sufuria na kuendelea alipoachia. Hodi hiyo ndiyo mafundi wa kompyuta wanayoiita katizo. Mita ya maji ikizunguka mara moja, hupiga hodi. Saa ya ndani ikitimiza muda wake, hupiga hodi. Data ikifika kutoka kwa simu, hodi.

Adabu zao hazifanani, na hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Sisi tumefunzwa kubisha mara tatu, na usipoitikiwa urudi zako. Vifaa vingine hubisha mpigo mmoja tu na kunyamaza. Vingine hung'ang'ania mlango, havinyamazi mpaka mtu atoke na kuvishughulikia. Na ipo hodi moja ambayo haina ruhusa ya kupuuzwa hata kama umefunga milango yote. Hiyo ni ya moto umeshika nyumba.

Sasa, mama akisikia hodi anajua kwa sauti kama ni mtoto wa jirani au ni muuza maziwa. Prosesa haijui sauti. Inachopata ni namba. Hodi namba 15, hodi namba 22. Ili ijue la kufanya, lazima kuwe na orodha iliyoandikwa mapema: namba hii ikija, nenda anwani ile kwenye kumbukumbu, utakuta kipande cha programu kinachojua la kumjibu mgeni huyu. Kila anwani katika orodha hiyo huitwa vekta, na orodha nzima ni jedwali la vekta. Kile kipande cha programu tukiite mwitikiaji. Hii ndiyo siri yote ya kuamka kwa kompyuta ndogo. Bila jedwali, au jedwali likiwa na makosa, hodi ya kwanza itakayopigwa itampeleka prosesa porini.

Tuchukue chipu za familia ya Cortex-M, kwa sababu zimejaa kila mahali, kuanzia saa za mkononi hadi vidhibiti vya pampu. Umeme unapoingia, chipu hii haijui lolote. Kumbukumbu yake ya muda ina takataka. Jambo la kwanza inalofanya, kabla ya kutekeleza amri hata moja, ni kusoma maneno mawili mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, kwenye anwani sifuri. Neno la kwanza linaiambia staki inaanzia wapi. Staki ni pale mahali pa kuweka mwiko, yaani pa kuandika ulikuwa unafanya nini kabla hujakatizwa. Neno la pili ni anwani ya programu ya kuanzia. Mpangilio huu una busara: hata kabla kazi haijaanza, tayari kuna mahali pa kuweka alama ya kurudia.

Baada ya maneno hayo mawili jedwali linaendelea, baiti 4 kwa kila namba. Namba 1 hadi 15 ni za prosesa yenyewe. Ya 2 ni ile hodi ya moto isiyozuilika, ya 3 ni hitilafu kubwa, ya 15 ni saa ya zamu. Kuanzia 16 na kuendelea ni vifaa vya nje. Ukitaka kujua vekta ya mgeni fulani iko wapi, zidisha namba yake kwa 4. Katika chipu ya STM32F103, ambayo wanafunzi wengi huanzia nayo kwa sababu ya urahisi wa bei, mlango unaoitwa EXTI0 ni kifaa cha nje namba 6. Jumlisha 16 unapata 22. Zidisha kwa 4 unapata 88. Basi mita ya maji ikiunganishwa kwenye mlango huo ikapiga hodi, prosesa inakwenda baiti ya 88 ya jedwali, inasoma anwani iliyomo, inaruka huko. Hakuna muujiza ndani yake, ni hesabu ya darasa la nne. (Kuna kichekesho kimoja: anwani zote hizo lazima ziandikwe zikiwa witiri, biti ya mwisho ikiwa 1. Ukiandika shufwa, chipu inakataa na kuangukia hitilafu. Waliofanya hesabu za rakaa za usiku watalikumbuka hili vizuri.)

Programu ya kuanzia nayo ina kazi ya usafi. Hunakili thamani za mwanzo kutoka kumbukumbu ya kudumu hadi ya muda, halafu hufuta eneo linalotakiwa kuwa sifuri. Hapo tu ndipo huita programu kuu ya fundi.

Ndani ya programu kuu ndimo mfumo endeshi unamoanzia. Unaojulikana zaidi kwa mashine ndogo hizi ni FreeRTOS, ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003, na ambao tangu 2017 uko chini ya uangalizi wa Amazon. Ni wa bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kwenye Cortex-M unahitaji nafasi tatu tu katika jedwali. Namba 15 ni saa: kwa kawaida fundi huipanga ipige hodi mara 1,000 kwa sekunde, na kila ikipiga, mpanga zamu huangalia kama ni wakati wa kazi nyingine. Namba 14 ndiyo inayobadilisha zamu yenyewe, na hupewa daraja la chini kabisa ili isimkatize mtu mwenye haraka. Namba 11 hutumika kuzindua kazi ya kwanza kabisa.

Nafasi tatu tu, na bado hapo ndipo wengi wanapokwama siku ya kwanza. Waitikiaji hao wa FreeRTOS wana majina yao, na jedwali linalokuja na chipu lina majina mengine. Fundi lazima ayafanye yaoane. Asipofanya hivyo kompaila hailalamiki, kwa sababu kila nafasi iliyoachwa imeshawekewa mwitikiaji wa akiba. Mwitikiaji huyo wa akiba, katika programu nyingi za kuanzia, ni kitanzi kisicho na mwisho: zunguka hapa, zunguka hapa, zunguka hapa. Mashine inaganda kimya. Taa imewaka, hakuna kinachofanyika.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Fundi mmoja mjini Nakuru, kijana mwenye mikono mizuri, alitengeneza vidhibiti vya maji kwa ajili ya shamba moja la maua kando ya ziwa. Shamba halina haja ya kutajwa. Alivijaribu mezani kwake wiki nzima: aliwasha, akazima, akachomoa waya, akarudisha. Kila mara sanduku liliamka salama. Vikafungwa shambani, vikafanya kazi. Kisha siku moja stima ikakatika adhuhuri, maji yakiwa yanatoka, ikarudi baada ya muda mfupi, na sanduku moja likaganda. Likakutwa jioni. Maji yenye mbolea yalikuwa yamepita mchana kutwa katika nyumba moja ya plastiki, yakafurika hadi mtaroni, na mtaro wa huko unajulikana unakoelekea.

Kwa nini mezani halikuganda hata mara moja? Hapa ndipo pana somo, na ndiyo sababu nimeandika makala haya. Vali za shambani zilikuwa za aina inayobaki ilipoachwa. Zinahitaji mpigo wa umeme kufunguka na mpigo mwingine kufunga, na katikati hazili umeme kabisa. Ni vali nzuri, za kubana matumizi. Lakini stima ikikatika zikiwa wazi, zinabaki wazi. Tangi la shamba lilikuwa juu mlimani, maji yanashuka kwa uzito wake, hayahitaji pampu. Kwa hiyo giza lilipoingia, maji yaliendelea kupita na mita ikaendelea kuzunguka. Stima iliporudi, chipu iliamka huku mgeni tayari yuko mlangoni anabisha.

Na programu ya kijana yule ilikuwa imepangwa hivi: mstari wa kwanza ulifungua mlango wa mita ya maji. Mistari michache baadaye iliunda foleni, yaani kile kikapu ambacho mwitikiaji wa mita huwekea hesabu ili kazi nyingine zije kuichukua. Kati ya mistari hiyo kuna muda mdogo sana, sehemu ndogo ya sekunde. Mezani, maji hayakuwa yanatembea wakati wa kuwasha, kwa hiyo hakuna aliyebisha katika upenyo huo. Shambani walibisha. Vekta ilikuwa sahihi, mwitikiaji aliitwa, akanyoosha mkono kwenye kikapu ambacho hakijasukwa. Prosesa ikaangukia hitilafu kubwa, ile namba 3, na mwitikiaji wa namba 3 alikuwa nani? Kitanzi cha akiba. Zunguka hapa, zunguka hapa. Vali ikabaki wazi.

Watu walimlaumu kijana, wengine wakalaumu stima, na meneja akazilaumu vali. Kwa maoni yangu stima na vali hazina kosa. Stima ya Kenya itakatika. Anayeunda mashine akidhani haitakatika anajidanganya. Kosa lilikuwa la mpangilio wa mistari miwili, na la majaribio yasiyofanana na maisha ya shamba. Huyo kijana hakuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa sababu sehemu hii ya kazi, ile robo ya kwanza ya sekunde, ndiyo inayofundishwa kidogo kuliko zote. Vyuo vingi vya ufundi, bara na Pwani, humfundisha mwanafunzi kuwasha taa na kuzungusha mota, na kumwacha aamini kwamba programu huanza pale yeye anapoanza kuandika.

Njia bora ya kuuona mpangilio mwema ni kusoma mfumo endeshi ulioandikwa kwa ajili ya kufundishia. Upo mmoja unaoitwa xv6, ulioandikwa MIT huko Marekani mwaka 2006. Ni mdogo, mtu mvumilivu anaweza kuusoma wote. Toleo lake la kwanza lilikuwa la prosesa za x86, zile za kompyuta za mezani, ambazo jedwali lao lina nafasi 256. Angalia unavyoamka. Makatizo yote yamefungwa tangu mwanzo. Unajaza jedwali, nafasi zote 256, hata zile ambazo haudhani zitatumika. Unatayarisha diski, kumbukumbu, programu ya kwanza. Kisha kila prosesa huambiwa jedwali liko wapi. Na amri ya kufungua mlango kwa wageni wote haitolewi mpaka mpanga zamu amekaa kitini. Mlango ndio wa mwisho.

FreeRTOS nao una tabia hiyo hiyo: ukishaanza kuunda vitu vyake kabla ya mpanga zamu kuanza, huyaacha makatizo yakiwa yamezibwa mpaka mpanga zamu aanze. Ulinzi huo haukumfaa kijana wa Nakuru kwa sababu yeye alifungua mlango kabla hajaunda chochote. Tena chipu zenyewe hazifanani. Ile ATmega328P ya kwenye Arduino Uno huamka lango kuu likiwa limefungwa. Cortex-M huamka lango kuu liko wazi, ila mlango wa kila kifaa umefungwa mmoja mmoja. Ukifungua wa mita, umefungua kweli, hapo hapo.

Hata wakubwa walijikwaa kwenye jambo hili la orodha. Prosesa ya 8086 ya Intel, ya mwaka 1978, iliweka jedwali lake kwenye anwani sifuri: nafasi 256 za baiti 4, jumla baiti 1,024. Intel ilihifadhi namba 0 hadi 31 kwa matumizi ya prosesa yenyewe. IBM walipotoa kompyuta yao mwaka 1981, mwaka ule ule Olkaria ilipoanza kutoa umeme, waliipa saa namba 8, kibodi namba 9, na wengine hadi 15. Wakati huo nafasi hizo zilikuwa tupu, hakuna aliyeumia. Prosesa zilizofuata zikaja na hitilafu mpya, na mojawapo, tena kubwa, ikakalia namba 8. Sasa ikija namba 8, ni saa inayopiga au ni mashine inaanguka? Ndiyo maana mifumo endeshi mingi ya x86 iliyotumia mpangilio ule wa vifaa, xv6 ukiwamo katika mantiki yake, huanza kwa kuhamisha namba za vifaa hadi 32 na kuendelea, kabla ya kufungua mlango wowote. Ni deni la 1981 ambalo wanafunzi wa leo bado wanalipa.

Kijana wa Nakuru alirekebisha sanduku lake kwa mambo matatu. Mstari wa kufungua mlango wa mita aliushusha hadi ndani ya kazi yenyewe inayohesabu maji, baada ya foleni kuundwa. Mwitikiaji wa akiba akamwondoa kwenye kitanzi: sasa akiitwa, huandika namba ya hodi iliyomfikia mahali pasipofutika, kisha huiwasha chipu upya. Na akawasha kipima muda cha ulinzi, ambacho kimo ndani ya chipu tangu kiwandani. Programu lazima ikiguse kila baada ya muda mfupi. Isipokigusa, kinaizima na kuiwasha chipu bila kuuliza mtu.

La nne aliongeza baadaye, na si la vekta kabisa: kila sanduku linapoamka, kabla halijamsikiliza mgeni yeyote, hupeleka mpigo wa kufunga kwa vali zote. Na mezani kwake siku hizi kuna ndoo imening'inizwa darini, na bomba linaloshuka kupitia mita hadi beseni. Hajaribu sanduku lolote kabla maji hayajaanza kutembea.